Karatasi ya Chini

Binti wa Riziki alifika kwangu Sake Jumatatu asubuhi, viatu mkononi, matope mpaka magotini, na kabla sijamsogezea hata kiti akaniambia kwamba mama yake amefariki kule Pinga, kwamba familia imeshapanga siku ya kutoa matanga, na kwamba marehemu aliacha neno moja tu kuhusu shughuli hiyo: kadi za kuita watu zisitengenezwe Goma kwa mashini. Zigongwe kwa mkono, na mkono wenyewe uwe wangu. Sikuwa nimemwona Riziki tangu kabla binti huyu hajazaliwa, sikuwahi kumwandikia, na hata simu zilipofika Pinga sikuwahi kutafuta namba yake. Sababu ninaijua na nitaisema humu, maana nimefika umri ambao kupamba maneno kunanichosha kuliko aibu yenyewe. Binti anaitwa Neema. Ana paji la uso la mama yake, na anakaa kama mama yake, ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyepita tu kusalimia. Nilimpa chai na viazi vya moto, nikamwambia apumzike, kazi tutaianza kesho. Kisha nikaingia chumbani, nikavuta sanduku la chini ya kitanda, nikautoa msalaba wa mti. Katika kukimbia vita huku na huku nimeacha sufuria, nimeacha magodoro, nimeacha hata picha za harusi yangu. Huu msalaba sijauacha hata mara moja. Na usidhani ni kwa ajili ya kusali.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba, nikiishi Ngungu kwa Mama Domina. Nani alinipeleka pale na kwa nini, hayo tuyaache. Yeye alikuwa mjane aliyehitaji mikono, na mimi nilikuwa na mikono. Mama Domina alikuwa anatengeneza kadi. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, Bonane ya mwaka mpya, matanga: kila mtu wa milima ile aliyetaka kuita wenzake kwa heshima alipita kwake. Wakati ule, kwetu, mtu usipomtia kadi mkononi ulikuwa hujamwita, umemtangazia tu, na watu walikosana miaka kwa jambo hilo. Nyumba ilikuwa ya mbao na bati. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu, mbabula ya makaa chini yake ya kutupasha miguu na kukausha wino, kamba za kuanikia kadi kutoka ukuta hadi ukuta, kila kadi na kibanio chake cha nguo. Vitambaa vya kufuma vilifunika kila kitu, redio, viti, hata ndoo ya maji, na maua ya karatasi za mifuko ya simenti, tuliyoyapaka bluu ya kufulia, yalisimama kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizokuwa nimelala, na ndiyo niliyolia ndani yake kuliko zote.

Mihuri yetu tuliiita kashe, kama ile ya ofisini. Tulizichonga wenyewe kwa wembe kutoka kwenye soli za kandambili zilizochakaa, kwa sababu kashe ya kiazi, ambayo kila mtoto wa Masisi anajua kuichonga, inanyauka siku ya pili na kunuka siku ya tatu. Tulikuwa na njiwa, pete mbili, kikombe cha misa, ua la kila aina. Wino tuliupika: masizi ya sufuria, bluu, na ile dawa ya zambarau ya vidonda. Karatasi ngumu, tuliyoiita bristoli, ilitoka Goma kwa shida, barabara ikikubali, na Mama Domina aliijua kila moja kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Kashe moja tu haikuwa ya mpira. Ilikuwa huu msalaba wa matanga, uliochongwa na marehemu mume wake katika mti mgumu, mzito wa kujaza kiganja, na huu haukukandamizwa kwa mkono kama nyingine. Ulipigwa kwa jiwe. Mama Domina alikuwa na msemo wake: furaha iguse karatasi, lakini kifo kiingie.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi, la sivyo yaliyobaki hayataeleweka. Chini ya karatasi unayoigonga unaweka mto, yaani karatasi nyingine kadhaa, ili kashe ishike sawasawa. Kashe ya mpira haidhuru mto. Msalaba wa mti unadhuru. Karatasi ya juu inapata wino. Ya chini yake, na inayofuata, na hata ya tatu, zinapata kovu lisilo na wino. Kwa macho hulioni mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga, lakini ukipitisha kidole unalipata mara moja. Ndiyo maana sheria ya nyumba ilikuwa moja na haikuwa na msamaha: mto wa msalaba ni magazeti ya zamani, na kazi ikiisha magazeti yanachomwa. Karatasi iliyolala chini ya msalaba haiendi harusini. Kule milimani watu waliamini, na sisemi walikosea, kwamba kadi ya namna hiyo haimwiti mgeni peke yake, inakiita na kifo. Aliyeharibu karatasi alinyoosha mkono juu ya meza, wa kushoto, maana wa kuume ulikuwa wa kazi, na Mama Domina alimpiga kwenye vifundo vya vidole kwa msalaba uleule. Alipiga bila hasira, akihesabu kwa Kifaransa. Mpaka leo kukiwa na baridi vidole vyangu vya kushoto vinanikumbusha.

Riziki alikuwa mpwa wa Mama Domina, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja. Tulilala godoro moja katika chumba cha nyuma, tukala sahani moja, maharage na viazi siku za kazi, bugali na sombe ya majani ya mihogo Jumapili, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, siku ambazo mtu wa Shasha alitushukuru kwa kadi nzuri. Alikuwa mchongaji mbaya, alikata nje ya mstari na kucheka, lakini alijua kukunja bahasha bila gundi, na aliimba vibaya bila kujali nani anasikia. Mimi sikuwa na mtu mwingine. Alivyosuka nywele, nilisuka. Alivyofunga kitenge, nilifunga. Akienda kisimani nilikumbuka ghafla kwamba hata mimi nina kiu. Akiamka kukojoa niliamka. Leo ninaona vizuri jinsi nilivyomchosha yule msichana, lakini ukiwa na miaka kumi na saba na umepata mtu mmoja duniani, unamshika kwa mikono miwili na unaona ndiyo mapendo.

Akapatikana Faustin. Kwao walikuwa wafugaji wa mlima wa juu, watu wa kanisa, wenye ng'ombe na maziwa, na yeye ndiye aliyeshusha bido, yale madumu ya maziwa, Ngungu kila asubuhi. Alikuwa kijana mpole, mzuri wa sura, asiye na la kusema. Walipokubaliana, familia yake ilileta ng'ombe wa kwanza wa mahari, jike jekundu aitwaye Gaju, akafungwa nyuma ya nyumba, na ndani ya wiki moja Mama Domina, ambaye hakuwahi kumwita mtu yeyote mpenzi, akawa anamwita Gaju mpenzi. Mama wa kijana, tuliyemwita Mama Faustin, hakuwa amefurahi kupata mkwe kutoka kwa watu wa jembe, hilo lilijulikana, lakini alikuwa amekubali. Na kwao kulikuwa na desturi: binti aliyeposwa haonekani mbele ya mama mkwe mpaka siku ya harusi. Wakikaribia kukutana njiani, binti anaingia hata shambani kwa watu kujificha. Kwa hiyo bido tupu nilizirudisha mimi. Mimi ndiye niliyejua nyumba yake, jiko lake, harufu ya mtindi na moshi, na mimi peke yangu katika nyumba yetu ndiye niliyejua mikono yake. Macho ya Mama Faustin yalikuwa na ukungu, alikuona kama kivuli, lakini vidole vyake viliona kila kitu. Aliingiza kidole shingoni mwa bido kujua kama imeoshwa, alipapasa maharage akatoa mabovu bila kuyatazama, na siku ya kwanza alinipapasa uso wote, taratibu, akasema mimi ni mtu wa kukasirika. Nilicheka kwa heshima.

Ukuta kati ya chumba cha kazi na jikoni ulikuwa wa mbao zilizoachana, tulizoziba kwa kurasa za kalenda. Alasiri moja nilikuwa upande wangu nikichonga kashe ya harusi ya Riziki. Alikuwa amenipa kandambili zake mwenyewe, zote mbili, akatembea pekupeku wiki nzima kwenye matope yale ya Ngungu, ili kashe itoke kwenye kitu chake. Nilikuwa namchonga Gaju. Pembe ndefu, shingo imegeuka kidogo kama anavyogeuka mtu akiitwa, na alama ndogo ya nyota kwenye paji la uso. Upande wa pili Riziki na Mama Domina walikuwa wanamenya viazi, na Mama Domina akamwambia kwamba akiolewa anaweza kunichukua, nimsaidie kwake, atakuwa na watoto na ng'ombe na kazi nyingi. Nilisimamisha wembe nisikilize. Nilikuwa tayari kuanza kufurahi.

"Hapana, Mama, ule hapana," Riziki akasema. "Ananigandaka sawa kupe. Kwangu nataka nipumue."

Na Mama Domina akacheka. Yule mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akicheka, siku ile alicheka mpaka akakohoa, na Riziki akacheka naye, na visu vikaendelea kumenya. Sikujikata. Ningependa kuandika kwamba wembe uliteleza, kwamba nililia, lakini hapana, nilimaliza pembe ya pili ikatoka safi kuliko ya kwanza. Tulipokula, Riziki alinisogezea kipande chake cha fromaji, jibini la kwetu, kama kila siku, nami nikakila. Usiku nilijilaza ukutani kabisa, nisimguse, akaniuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wanamfikiria kupe, na mimi nililala macho nikiwaza kwamba sawa, niwe huyo kupe.

Wiki ya kadi za harusi, mvua ilianza Jumanne na haikukatika. Bristoli zilikuwa zimekatwa kwa ukubwa wa kadi, zimepangwa mezani, zinangoja Gaju wangu. Ndipo akaingia mtu kutoka Shasha, amelowa, mzee wao amefariki, wanataka kadi za matanga kesho asubuhi. Mama Domina alitoka kwenda kutafuta makaa kwa jirani, Riziki alikuwa anamkamua ng'ombe, na mimi nikaachiwa msalaba na jiwe. Chumbani kulikuwa giza la mvua. Nilishika rundo lililokuwa karibu nikaliweka chini kuwa mto, nikaanza kupiga. Ninaapa kwa mama aliyenizaa, mwanzo ulikuwa kosa. Niligonga kadi zote za yule mzee, zikatoka nzuri, nyeusi, zimeingia kama Mama Domina alivyotaka. Nilipoinua ya mwisho nikaona weupe wa mto, kwamba si magazeti, ni bristoli za harusi. Nilipitisha kidole. Karatasi ya juu ilikuwa na msalaba mzima, mapigo yote yameshuka mahali pamoja, unausikia kuanzia kichwani hadi miguuni. Ya pili na ya tatu zilikuwa nao hafifu. Ya nne ilikuwa safi. Karatasi tatu basi, na nje bristoli nyingine hakuna mpaka barabara ya Goma ikauke.

Ningeweza kusema. Vifundo vya kushoto vingeuma siku mbili tatu, kadi zingepungua tatu, na watu watatu wasingepata kadi. Nimeipanga hesabu hiyo kila mwaka wa maisha yangu na kila mwaka jibu ni dogo hivyohivyo. Badala yake nilizirudisha zile tatu ndani ya rundo, na Mama Domina aliporudi na makaa akakuta magazeti yanaungua kwenye mbabula, magazeti ambayo hayakuwa yamegongewa kitu. Akanusa moshi, akaridhika.

Kesho yake tuligonga kadi za Riziki. Gaju alitoka vizuri mno. Wino wa zambarau, ng'ombe chini pembeni, pete mbili juu, na katikati nafasi wazi ya maandishi ambayo Mama Domina aliyaandika kwa kalamu, kwa ule mwandiko wake wa masista. Riziki aliziangalia kwenye kamba akaanza kulia kwa furaha, akanikumbatia mbele ya shangazi yake, na mimi nikasimama kama mti. Zilipokauka tulikaa mezani watatu. Kazi yangu ilikuwa kumpa Mama Domina kadi mojamoja, yeye anataja jina na kuliandika, kisha Riziki, aliyekaa mkabala nami, anaitia katika bahasha. Kila kadi niliyoishika niliipitisha kidole chini yake. Hafifu mbili nilizitoa kwa majina ya watu wa mbali. Ile nzito ilipofika, sikuitoa. Niliishusha mapajani, chini ya meza, nikatoa nyingine, na nyingine, nikangoja. Padri akaitwa, mwalimu akaitwa, jamaa wa Riziki wa Pinga wakaitwa. Kisha Mama Domina akachovya kalamu akasema sasa tuandike ya mama mkwe, hii iandikwe vizuri. Nikaiinua kutoka mapajani nikampa. Miaka mingi nilijiambia kwamba nilimpa yule mama kwa sababu macho yake ni mabovu, hataona, ndiye mtu salama kuliko wote. Ni uongo. Nilivijua vidole vyake.

Watu wa Faustin hawakuchelewa. Jumapili ileile, baada ya ibada, tulikuwa na wageni, majirani wamekuja kutazama kitenge cha harusi, meza imejaa mashanza, yale maziwa ya mgando, na ndizi za kuchemsha. Mama Faustin aliingia ameshikwa mkono na shemeji yake. Riziki aliinuka mbio akakimbilia jikoni kujificha, kama desturi inavyotaka, na majirani wakacheka kwa kupendezwa kuona binti mwenye adabu. Faustin alibaki nje. Yule mama hakuketi, hakunywa. Alitoa kadi kifuani, akaiweka mezani, akatafuta mkono wa Mama Domina mpaka akaupata, akachukua kidole gumba chake akakiweka juu ya karatasi.

"Gusa," akasema.

Mama Domina akagusa. Nilimwona akikisogeza kidole juu, akishuka, akienda kushoto, kulia. Alikuwa mweusi, na siku ile nilijifunza kwamba hata mtu mweusi anaweza kuwa mweupe.

"Munaniita ku harusi," Mama Faustin akauliza polepole, "ao ku matanga ya mutoto wangu?"

Shemeji yake ndiye aliyeendelea. Alisema maneno ambayo nadhani yalikuwa tayari siku nyingi, yakisubiri mlango: kwamba waliambiwa wasioe huku, kwamba wao ni watu wa amani, kwamba hawamshitaki mtu, ila hawawezi kumpeleka kijana wao ambako ameshazikwa kwa karatasi. Wanamchukua ng'ombe wao. Majirani walikuwa wamesimama, wanashika vitenge vyao wasivikanyage. Na mimi, kwa dakika chache, nilifurahi. Nitaliandika hivyohivyo. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, ya moto, kama unavyosikia ukinywa chai baada ya njaa, kwa sababu sasa hataenda popote, tutalala godoro letu, na atajua kwamba kupe naye ana meno.

Mama Domina akageuka akauliza nani aligonga. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama meza, kamba, jiwe, halafu akaanza kunigeukia. Pazia la jikoni likafunguka. Riziki alitoka, akasimama mbele ya mama mkwe ambaye hakupaswa kuonekana naye, kichwa wazi, mikono ina unga.

"Njo miye, Mama," akasema. "Niligonga ya Shasha juu yake. Sikuona."

Nilidhani nini? Nilidhani anajichanganya, kwamba kweli siku ile alishika rundo kidogo, kwamba woga umemtia wazimu. Nilijipa kila maelezo, na katika yote hakuna hata moja lililonifungua mdomo. Mama Domina alingoja wageni watoke. Akaufunga mlango, akauchukua msalaba kwenye rafu, na Riziki akanyoosha mkono wa kushoto kama sote tulivyozoea. Mama Domina akausukuma.

"Leta ya kuume," akasema. "Hauna tena kazi nayo hapa."

Sikuhesabu. Hata yeye siku ile hakuhesabu. Nje, Gaju alikuwa ameshazoea kwetu na hakutaka kuondoka. Alikaza miguu yote minne mlangoni pa zizi, na Faustin, aliyekuja mpaka kwetu bila kutamka neno, alimpiga fimbo mgongoni tena na tena huku akilia. Ndani kulikuwa na sauti moja na nje sauti nyingine, na mimi nilisimama katikati nikishika bakuli la mashanza la mgeni mmoja. Kidole cha kati cha Riziki kilivunjika mahali pawili. Hakuna aliyemtafutia mganga. Nilimfunga mimi, kwa kipande cha kitenge na kijiti, naye akaniacha nimfunge, akinitazama usoni muda wote, na mimi nikitazama kijiti.

Siku ya tatu alirudishwa Pinga, nyuma ya pikipiki ya mchuuzi aliyekuwa anapanda na chumvi. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkono umefungwa kifuani. Nilikuwa nimemkunjia vitu vyake. Hakuniuliza kitu. Pikipiki ilipowaka aliinama kidogo.

"Bakia na godoro yote sasa," akasema.

Nikabaki nalo. Nikabaki na kila kitu, kwa kweli. Mama Domina, aliyepoteza mpwa na ng'ombe wiki moja, alianza kunifundisha mwandiko wa masista, na baada ya miaka alipoanza kutetemeka kalamu ikawa yangu, na alipofariki nikamgongea kadi zake kwa msalaba wake, zikatoka nzuri. Watu wananisifu mpaka leo. Wanasema mkono wangu hauna mfano, na mtoto wa mtu fulani aliwahi kuja kutoka Goma kunipiga picha nikichonga soli ya kandambili. Ng'ombe sijawahi kuchonga tena. Wakiniomba ninasema sijui kuchora pembe.

Neema aliamka mapema, akafagia uwanja wangu bila kuambiwa. Nilipokuwa naandaa meza alianza kunisimulia maisha yao ya Pinga: shamba la mihogo, baba aliyekuwa anachimba madini na kulewa, aliyewaacha Neema akiwa bado mdogo, mama aliyekuwa anashona kwa mkono mmoja na nusu, maana kidole hakikunyooka na hakushika sindano vizuri. Alisimulia bila kulalamika. Akaongeza, karibu kwa kucheka, kwamba mama yake alikuwa na mazoea ya kumwambia: kama si karatasi moja ya Ngungu, wewe usingezaliwa. Nilikuwa nasafisha msalaba kwa kitambaa. Niliendelea kuusafisha. Akafungua Biblia aliyokuja nayo akatoa kadi, imekuwa ya manjano, pembe zimelika, na Gaju wangu wa zambarau bado amegeuza shingo kama ameitwa. Jina la Mama Faustin lilikuwa juu yake; kumbe siku ile Riziki ndiye aliyeiokota mezani. Akaiweka mezani kati yetu.

"Mama alinituma nikuulize neno moja tu," akasema. "Hii ilikuwa bahati mubaya?"

Alinipa nafasi. Alingoja, hakuharakisha, nje jirani alikuwa anapasua kuni, na nilikuwa na muda wote niliohitaji. Mimi ni mwanamke mzima, nimezika mume, nimezika watoto wawili, hakuna tena mtu wa kunipiga vifundo.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Ilikuwa bahati mbaya. Kulikuwa giza la mvua."

Neema akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Alisema utajibu vile," akasema. Akaitazama kadi, si mimi. "Alikuona ukiificha ku mapaja mupaka jina ikatajwa. Aligusa bahasha, akajua. Akanyamaza, juu ule mama mukwe haonake, alifikiri itapita. Na wakati walikuya, harusi ilisha kufa. Alisema kupiga bidole yako haingeifufua. Alisema tena, miye nilimwita kupe, na ukuta ilikuwa ya mbao."

Nilitaka kumshika mkono. Nilinyoosha wangu mezani, naye akauchukua kama mtu anavyochukua chombo, akauweka juu ya msalaba. Kisha akaiinua ile kadi ya zamani, akailaza mezani, Gaju akitazama juu, akaweka juu yake karatasi ya kwanza ya mama yake, nyeupe, akazinyoosha pembe zilingane.

"Gonga, Mama," akasema. "Iingie muzuri."

Niligonga zote. Jua lilihama kutoka dirisha la mbele mpaka la nyuma, naye alikaa ukingoni mwa kiti akizipokea mojamoja, akizipuliza wino, akiziweka mahali pakavu. Zilitoka nzuri. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, maana haujawahi kuvunjwa.